Ukiibonyeza wewe inakubali, ikiachwa peke yake inagoma

Katika ofisi nyingi ndogo za mawakala wa forodha kule Malaba na Busia, seva si mtambo wa kuogopwa. Ni kompyuta moja iliyosukumwa chini ya meza ya mhasibu, inanguruma usiku na mchana, pembeni yake pana UPS iliyochoka na nyuma yake waya za mtandao zilizosokotana. Humo ndimo zilimo hesabu za wateja, skani za hati za mizigo, programu ya kutoa ankara za EFRIS (mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya mapato ya Uganda), na bakapu, yaani nakala ya akiba, inayotakiwa kujifanya yenyewe saa sita usiku. Hakuna anayeikumbuka mpaka siku itakapogoma. Na mgomo wake wa kawaida hauna moshi wala mlio. Ni mstari mmoja tu kwenye logi, yaani kumbukumbu za mashine: "Access is denied" kama seva ni ya Windows, "Permission denied" kama ni ya Linux.

Kinachowavuruga watu ni kwamba mwenye ofisi akiibonyeza bakapu hiyo kwa mkono wake, inakwenda vizuri. "Fundi, si unaona mwenyewe? Haina shida hii." Na kweli, mbele ya macho yenu wawili haina shida. Usiku, ofisi ikishafungwa, inakataliwa tena. Hapo ndipo watu huanza kushuku diski, kushuku virusi, kushuku programu yenyewe. Jibu liko karibu zaidi: mchana aliyefungua yale mafaili alikuwa bosi. Usiku ni mwingine kabisa, na huyo hana ruhusa.

Huyo mwingine ni nani

Kwenye kompyuta hakuna programu inayofanya kazi bila jina. Kila moja inaendeshwa kwa niaba ya akaunti fulani, na mfumo ukiombwa kufungua faili, jambo la kwanza unalotazama ni akaunti inayoomba. Akaunti za watu tunazijua: ya mhasibu, ya karani, ya bosi. Akaunti ya huduma ni ile isiyo na mtu nyuma yake. Imewekwa ili programu inayokaa macho muda wote, kama hifadhidata au seva ya wavuti, iwe na jina lake.

Kwenye Linux utakutana na majina kama www-data (ya seva ya wavuti), mysql na postgres (za hifadhidata). Namba zake za utambulisho kwa kawaida huwa chini ya 1000, na nyingi zimefungiwa mlango wa kuingia kwa nywila. Kwenye Windows kuna LocalSystem, yenye nguvu karibu zote juu ya mashine. Kuna LocalService na NetworkService, zilizoletwa zama za Windows XP na Server 2003 baada ya kuonekana kwamba si busara kila huduma kushika nguvu za LocalSystem. Tangu Server 2008 R2 kuna zile zinazoanza na NT SERVICE, zinazofuata jina la huduma yenyewe. Na tangu Server 2012, ofisi yenye domeni, yaani kompyuta zinazotumia orodha moja ya akaunti, inaweza kutumia gMSA, akaunti za huduma ambazo nywila yake hubadilishwa na mfumo kila baada ya siku 30 bila binadamu yeyote kuijua.

Mgawanyo wote huu una sababu moja. Mwizi akipenya kupitia ukurasa wa ankara, anapata kile tu ambacho www-data inaruhusiwa kukigusa. Kama www-data haiwezi kusoma folda ya mishahara, na mwizi hawezi. Kwa hiyo ule mstari wa kukataliwa, unaokuudhi asubuhi, ndio kufuli lenyewe likifanya kazi yake. Swali ni kama limemfungia aliyestahili.

Basi kabla ya kugusa ruhusa yoyote, mtafute aliyekataliwa. Kwenye Windows fungua services.msc utazame safu ya "Log On As". Lakini usisahau kwamba kazi zilizopangwa kwenye Task Scheduler zina akaunti zake, hazimo kwenye orodha hiyo, na bakapu nyingi za ofisi ndogo huishi huko. Kwenye Linux, ps aux itakuonyesha safu ya kwanza jina la mwenye kila programu. Halafu jivike jina hilo ujaribu: sudo -u www-data cat, ikifuatiwa na njia ya faili. Ukikataliwa na wewe, umelishika tatizo mkononi na unaweza kulijaribu mchana, huna haja ya kusubiri saa sita usiku. Jaribio lolote unalolifanya ukiwa root au Administrator, yaani akaunti kuu za Linux na Windows, halina maana hapa, kwa sababu hao karibu hawakataliwi.

Faili liko wazi, njia imefungwa

Hili ndilo linalokula muda wa watu kuliko mengine kwenye Linux. Unatazama faili, ruhusa zake ni nzuri, kila mtu anaruhusiwa kulisoma. Bado www-data inakataliwa. Fikiria duka lililo ghorofa ya tatu kwenye arcade pale Kampala: mlango wa duka unaweza kuwa wazi kabisa, lakini kama askari wa geti la chini hakuruhusu kuingia, au geti la ngazi limefungwa, hufiki. Njia ya faili ni hivyo hivyo. Kila folda kuanzia mwanzo wa diski lazima impe mwombaji herufi x, yaani ruhusa ya kupita. Moja tu ikikosa, safari imeishia hapo, na ujumbe haukuambii ni geti lipi.

Amri ya namei -l, ukiipa njia nzima ya faili, inakuorodheshea kila folda na ruhusa zake kuanzia juu hadi chini. Ni amri ndogo, haisifiwi sana, na sijui kwa nini haifundishwi siku ya kwanza. Mara nyingi utaona geti lililofungwa ni folda ya nyumbani ya mtu. Kuanzia Ubuntu 21.04, folda mpya za nyumbani hutengenezwa zikiwa na ruhusa 750, yaani mgeni hapiti, tofauti na zamani ilipokuwa 755. Ofisi iliyokuwa ikihifadhi data ya programu kwenye folda ya nyumbani ya karani, kisha ikanunua mashine mpya yenye Ubuntu mpya na kuhamisha kila kitu kama kilivyokuwa, inajikuta nje. Dawa si kuifungua folda ya karani. Data ya ofisi ihamie /srv, mahali palipotengwa kwa kazi hiyo.

Diski za nje zina vituko vyake. Ukichomeka diski ya USB kwenye Ubuntu ukiwa umeingia kwa jina lako, hujifungua chini ya /media, ndani ya folda yenye jina lako, ambayo wengine hawapiti. Bakapu yako ya mchana inaiona, huduma ya usiku haioni. Tena kama diski ni ya exFAT, haina kumbukumbu ya nani anamiliki nini, hivyo chown, amri ya kubadili mwenye faili, itakataa. Umiliki unapangwa wakati wa kuifungua, kwa kuandika uid na gid (namba za mtumiaji na kundi) ndani ya fstab, faili linalopanga diski zifunguliwe vipi.

Windows ina makufuli mawili

Folda inayotumiwa kupitia mtandao kwenye Windows inalindwa mara mbili: ruhusa za kushiriki na ruhusa za NTFS, yaani za faili na folda zenyewe. Zote mbili lazima zikubali, na ile kali zaidi ndiyo inayoshinda. Mtu anaweza kukaa mchana mzima akirekebisha kichupo cha Security huku kizuizi kiko kwenye Sharing.

Kuna pia ile herufi Z. Mhasibu ana diski Z inayoelekea kwenye kisanduku cha NAS (diski ya pamoja ya mtandao) kilicho kwenye chumba cha nyuma, naye akaandika Z kwenye mipangilio ya bakapu. Herufi hiyo ni ya mhasibu, na inakuwepo yeye akiwa ameingia. Huduma inayoendeshwa kwa jina lingine haina Z yoyote. Andika njia kamili inayoanza na mikwaju miwili na jina la kifaa.

Halafu uliza huduma inajitambulishaje ikitoka nje ya seva. LocalSystem na NetworkService zikienda kwenye mtandao hutumia jina la kompyuta, si la mtu. Kwenye domeni jina hilo linafahamika na unaweza kulipa ruhusa. Lakini ofisi nyingi za mpakani hazina domeni, zina workgroup tu, kila mashine na akaunti zake, na NAS haiijui kompyuta hiyo. Hapo LocalSystem, ambaye ni mfalme ndani ya seva, anakuwa mgeni asiye na kitambulisho mlangoni pa NAS. Suluhisho la ofisi ya namna hii ni la kizamani na linafanya kazi: tengeneza akaunti moja ya bakapu, jina na nywila zilezile kwenye seva na kwenye NAS, uipe hiyo kazi. Ukiwa kwenye Task Scheduler, usiweke alama kwenye kisanduku kinachosema nywila isihifadhiwe. Bila nywila iliyohifadhiwa, kazi hiyo inafika kwenye vitu vya seva yenyewe tu.

Iliyokuwa nzima jana

Makosa ya siku ya kwanza ni rahisi. Yanayochosha ni yale yanayozuka wiki kadhaa baadaye, wakati hakuna aliyegusa kitu, au ndivyo wanavyoapa.

Kwa mpangilio wa kiwandani wa Windows, nywila huisha baada ya siku 42. Fundi aliyeweka huduma kwa akaunti ya kawaida, akaisahau, ameacha saa inayohesabu. Siku ikifika, huduma haiwaki na unapata kosa 1069. Bosi akibadilisha nywila yake kwa sababu anamshuku mtu, matokeo ni yaleyale kama huduma zilikuwa zinatumia jina lake. Na karani akiondoka kazini na akaunti yake ikafungwa, kama ilivyo haki, ghafla ankara hazitoki, kwa kuwa aliyeweka programu aliiweka kwa jina la karani.

Kwenye domeni kuna lingine la kuudhi zaidi. Ukiweka akaunti mpya kwenye huduma, Windows huipa haki ya kuingia kama huduma palepale. Lakini kama sera ya domeni ina orodha yake ya wenye haki hiyo, na akaunti yako haimo, sera itakuja kuifuta. Mipangilio ya usalama hupigwa upya walau kila saa 16 hata kama hakuna kilichobadilika. Huduma iliyokwisha kuwaka inaendelea kuwaka. Inakufa siku seva inapozimwa na kuwashwa, na kwa hali ya umeme wetu siku hiyo haiko mbali. Haki hiyo iandikwe ndani ya sera, si kwenye mashine.

Linux nayo ina la kwake: ukiiongeza akaunti kwenye kundi jipya, programu iliyokwisha kuwaka hailijui kundi hilo. Amri ya id itakuonyesha kundi lipo, utashangaa. Iwashe upya huduma.

Chukua kisa cha skana, maana kinakusanya mengi ya haya. Skana ya ofisi inatuma hati za mizigo kwenye folda ya Samba (programu inayoiwezesha Linux kushiriki mafaili kwenye mtandao), ikitumia akaunti iitwayo skana. Programu ya wavuti, kwa jina la www-data, inazionyesha kwenye kompyuta za makarani. Asubuhi karani analalamika: hati za jana zinafunguka, za leo hazifunguki, na dereva yuko nje na lori lake kwenye foleni. Ukitazama kwa ls -l, za jana ni rw-r--r-- (kila mtu anasoma) na za leo ni rw-r----- (wengine hawasomi), mwenyewe skana, kundi skana. Maana yake ni kwamba jana kuna mtu alikuja akapitisha chmod, amri ya kubadili ruhusa, kwenye folda nzima, akatengeneza yaliyokuwemo, akaondoka akidhani amemaliza. Kila hati mpya inazaliwa na ruhusa zilezile za zamani. Kinachotakiwa kurekebishwa ni mahali hati zinapozaliwa. Unatengeneza kundi, tuseme hati, unaingiza skana na www-data humo. Folda inapewa kundi hilo na ruhusa 2770, ile 2 ya mbele ikiwa na kazi ya kulazimisha kila kipya kirithi kundi la folda. Kwenye Samba unaandika force group = hati na create mask = 0660. Zile za leo asubuhi, zilizozaliwa kabla ya marekebisho, unazibadilisha kundi kwa mkono mara hii moja. Kisha huduma zote mbili ziwashwe upya. Dereva anaondoka.

Umeme ukirudi

Mengine si ya ruhusa kabisa, yamevaa nguo zake. Umeme ukikatika ghafla na UPS isishike, mfumo wa faili wa ext4 unaweza kukutwa na hitilafu. Kwenye Ubuntu na Debian diski kuu kwa kawaida imepangwa kwamba ikionekana kasoro, ifunguliwe kwa kusomwa tu. Hapo kila programu inalalamika haiwezi kuandika, na fundi mwenye haraka anaanza kuhangaika na chmod, ambayo nayo inakataliwa. Soma ujumbe hadi mwisho. Ukiona "Read-only file system", acha ruhusa, kimbilia dmesg (ujumbe wa kiini cha mfumo) na fsck (ukaguzi wa mfumo wa faili), na fikiria afya ya diski. Diski iliyojaa nayo huwafanya watu washuku ruhusa bure. Amri ya df -h, inayoonyesha nafasi iliyobaki, inamaliza ubishi huo.

Saa ya mashine ni jambo jingine ambalo watu hawalifikirii. Betri ndogo ya kwenye ubao ikifa, kila umeme unapokatika seva inaamka ikiamini ni mwaka mwingine. Kerberos, inayothibitisha akaunti kwenye domeni, haivumilii tofauti ya zaidi ya dakika 5. Akaunti ni sahihi, nywila ni sahihi, bado inakataliwa. Betri hiyo ya CR2032 ni ya bei ya soda.

Walinzi wa ziada

Ukishahakikisha akaunti, njia na ruhusa, na bado mlango haufunguki, kuna mlinzi mwingine. Kwenye familia ya Red Hat ni SELinux, kwenye Ubuntu ni AppArmor. Wote wawili wanaweza kukataa hata pale ruhusa za kawaida zinapokubali. Mara nyingi huonekana mtu anapohamisha hifadhidata kwenda diski mpya kwa sababu ya kwanza imejaa. Kwenye SELinux, faili likihamishwa kwa mv huenda na lebo yake ya zamani. Tazama kwa ls -Z, na restorecon huirudisha lebo iliyopangwa kwa mahali hapo; kama ni mahali papya, ipange kwanza kwa semanage fcontext. Kwenye Ubuntu tafuta neno DENIED kwenye logi ya journalctl -k, itakutajia faili na programu. Systemd, inayowasha huduma kwenye Linux, nayo inaweza kuifungia huduma isione folda za nyumbani kabisa, kwa mstari wa ProtectHome. Windows ina ulinzi dhidi ya programu za utekaji data (ransomware) unaozuia programu isiyojulikana kuandika ndani ya Documents na folda za aina hiyo. Tukio namba 1123 ndilo alama yake.

Na kama umekwama kwenye Windows, Process Monitor ya Sysinternals ndicho chombo. Chuja mistari yenye ACCESS DENIED, iendeshe huduma, nawe utaona faili lipi, akaunti ipi, sekunde ipi. Kukisia kunaishia hapo.

Kuhusu 777

Kila ofisi imewahi kupata fundi wa chmod -R 777, amri inayompa kila mtu ruhusa zote, au ndugu yake wa Windows anayempa Everyone udhibiti kamili. Tatizo linapotea kweli, na ndiyo maana dawa hii haifi. Sitaihubiria sana upande wa usalama. Itoshe kusema kwamba programu ya utekaji data inafunga kila faili inaloweza kuliandika, bakapu ikiwemo, na kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde. Nakala za pasipoti za wateja zikiwa wazi kwa kila akaunti, utajitetea vipi?

Lakini wachache wanajua kwamba 777 huleta makosa mapya. PostgreSQL inakataa kuwaka kama folda ya data yake iko wazi kupita kiasi. SSH, njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali, inakataa kutumia ufunguo ambao wengine wanaweza kuusoma. MySQL inalipuuza faili la mipangilio ambalo kila mtu anaweza kuliandika, hivyo inawaka ikiwa na mipangilio ya kiwandani na wewe hujui kwa nini. Ukiipitisha kwenye mfumo mzima, sudo yenyewe inapoteza ile alama inayoipa nguvu, na umejifungia nje ya seva kwa jina la kuifungua.

Tena hairudishwi nyuma, kwa sababu hakuna palipoandikwa ruhusa zilikuwaje. Kwa hiyo kabla ya kugusa, chukua nakala ya ruhusa zenyewe: getfacl -R kwenda kwenye faili, na setfacl --restore itazirudisha. Kwenye Windows ni icacls na /save, kisha /restore. Inachukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai.

Ukishatoa ruhusa ndogo iliyokosekana, kwa akaunti iliyokosa, mahali ilipokosekana, omba dakika kumi za kuizima na kuiwasha seva mchana, makarani wakiwa wamekwenda kula. Iache ijiwashe bila mtu kuingia kwa jina lake, kisha iendeshe kazi ya usiku kutoka kwenye mpangilio wake, si kwa kubonyeza ikoni ya bosi. Soma logi. Bandika karatasi ndani ya mlango wa kabati yenye majina ya akaunti za huduma na kazi ya kila moja, bila nywila, ili fundi atakayekuja baada yako asianze kwa kuuliza karani aliyehama zamani.